Handaki la Uani kwa Mama

9 Februari

Mdogo wangu,

Mama hajambo? Kijiko hajambo? Na huyo wa pili, ambaye kila nikiuliza jina lake mnaniambia "Mtoto", naye hajambo? Nakuandikia nikiwa ofisini, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, na mezani kwangu kuna vigae vya vyungu vilivyovunjika kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Usicheke. Najua unacheka.

Nimepewa kazi niliyoingojea tangu niajiriwe. Natakiwa niandike historia ya Milki, ile nchi ya zamani ambayo Baba alikuwa akitusimulia tukilala kitanda kimoja, miguu yako mgongoni mwangu. Ilikuwapo kweli, mdogo wangu. Miaka mia saba iliyopita, mtu aliyesimama pale mlangoni kwa Mama alikuwa amesimama katikati ya nchi. Mto ulio mbele yenu haukuwa mpaka wa yeyote. Huku walifua chuma, ng'ambo walichemsha chumvi, na watu walivuka asubuhi wakarudi jioni bila kuulizwa. Walioufanya mto kuwa mpaka ni wageni waliokuja baadaye sana, na waliuchagua kwa sababu mto unaonekana hata ukiwa mbali.

Sasa nina swali. Zama za Bibi wa Tano, mwanamke aliyeitawala Milki muda mrefu kuliko wote, lilichimbwa handaki refu. Nimelifuata kwa miguu kutoka kaskazini mpaka likanipotea karibu na shule yenu. Je, lile bonde dogo kati ya nyumba ya Mama na choo, tulilokuwa tukiteleza ndani yake wakati wa mvua, bado lipo? Linaelekea wapi? Muulize Mama.

Kaka yako


21 Februari

Kaka,

Sisi wazima kwa namna yetu. Upande wa kushoto wa Mama bado umelala tangu alipoanguka, lakini mdomo uliamka siku ileile. Kijiko alipata maumivu ya miguu wiki iliyopita, yale ya seli mundu, nikamlaza na chupa ya maji ya moto tukayapita. Kliniki yake ni kila mwezi, hospitali ya wilaya. Nambeba mgongoni, Mtoto kifuani, natembea mpaka barabarani kama punda aliyepakiwa na mtu mwenye hasira. Nesi wa pale ananijua. Alinishika mkono akaniambia, "Mama, dawa hii usiikatize hata kama mtoto anacheza na kuruka. Ukiikatiza, anayelipa ni yeye." Basi sikatizi. Nguo za watu ninazoshona zinaweza kungoja, kliniki hapana. Mungu ametuwekea kliniki upande wetu, maana wenye watoto kama wangu kule ng'ambo wanasafiri siku mbili mpaka mji mkuu wao.

Mtoto ana jina. Njoo umwone ndipo utaambiwa.

Nimemuuliza Mama. Anasema, "Mwambie Profesa bonde lipo, na mvua zikinyesha linajaa mpaka mtu anabana haja hadi asubuhi." Nililifuata mwenyewe jana, Mtoto akiwa mgongoni. Linapita kati ya nyumba na choo, linakata shamba la mwashi jirani yetu, linazunguka nyuma ya shule upande wa uwanja, halafu linakwenda sambamba na barabara ya wilayani. Nimekuchorea kwenye karatasi ninayokatia vielelezo vya nguo. Usicheke mistari, Kijiko alikuwa ananisukuma kiwiko.

Mama ana swali lake pia. Anauliza hao wafalme wako wanatafutwa ili iweje? Wao walishakufa. Yeye yupo, na tangu aanguke hujaja kumtafuta.

Mdogo wako


8 Machi

Mdogo wangu,

Mchoro wako umefika, bado unanuka mafuta ya cherehani. Nilipouweka kando ya ramani yangu nilipiga makofi peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Handaki lote limepatikana, kutoka mlimani mpaka kwenye kinamasi.

Mwambie Mama nakuja mvua zikipungua. Soksi hizi ni za Kijiko.

Acha nikueleze lilichimbwa kwa nini, maana utamu uko hapo. Vitabu vyetu vya shule vinasema lilichimbwa kuwazuia watu wa ng'ambo. Vitabu vyao vinasema lilichimbwa kutuzuia sisi. Wote wamekosea. Bibi wa Tano alichoshwa na kesi za ng'ombe! Wafugaji walikaa upande wa juu, wakulima upande wa mtoni, na kila msimu ng'ombe walishuka wakala mazao, watu wakapasuana vichwa. Akaamuru kila nyumba, ya mfugaji na ya mkulima, ichimbe kipande chake. Ndiyo basi. Waliokaa huku na waliokaa kule wote walikuwa watu wake, walijaza ghala moja, walizikana. Lile ni zizi, mdogo wangu, ila ni zizi kubwa kuliko yote.

Na sikiliza hii. Ripoti yangu inakwenda kwenye Tume ya Mpaka. Tangu mafuriko ya mwaka juzi yahamishe mto, serikali mbili zinavutana, hazijui tena mstari upite wapi, sasa zimekubaliana zitafute ushahidi wa historia. Fikiria wakubwa wa pande zote wamekaa meza moja wanasoma kwamba walikuwa nchi moja! Kurasa mia mbili nimeandika. Ramani nimeichora kwa mkono wangu, na handaki nimelitia wino mwekundu, mstari mmoja usiokatika, ili hata mwenye haraka alione. Mkuu wangu wa kazi aliitazama, kisha akasema, "Hii itatufaa sana."

Laiti Baba angekuwapo.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Nieleweshe jambo moja, na unijibu kama unavyomjibu mtu aliyetoka shule mapema, usinijibu kama unavyowajibu wakubwa wako.

Jumatatu walikuja watu wanne na darubini ya miguu mitatu. Wawili wetu, wawili wa ng'ambo. Waliisimamisha katikati ya uwanja wetu, nilikokuwa nimeanika nepi. Mama nilikuwa nimemtoa nje mkekani apate jua. Akawauliza, "Mnapima nini, wanangu?" Mmoja akamjibu kwa adabu kabisa, "Historia, bibi." Mama akasema, "Basi anzeni na mimi, mimi ndiye mzee kuliko vyote hapa." Wakacheka, wakaomba maji, wakanywa. Walipoondoka nikakuta kona ya choo imepakwa rangi nyekundu.

Usiku huo sikulala vizuri. Kwa sababu nakumbuka kalamu yako ilikuwa ya rangi gani.

Mwashi anasema maneno yanayozunguka ni kwamba mpaka utatolewa mtoni. Nikamwambia ndugu yangu yuko hukohuko ndani, kungekuwa na jambo angesema. Kaka, mimi sijali bendera gani inapepea shuleni. Naweza kuishi chini ya yoyote. Lakini nyumba hii iko kati ya lile bonde lako na mto. Kliniki ya Kijiko iko upande wa pili wa bonde. Ukiweka mpaka pale, umemweka mtoto huku na dawa yake kule. Naandika polepole ili usome polepole.

Niambie tu: mpaka unahama au hauhami?

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Hauhami. Mpaka si kuku, haufukuzwi ukahama. Hao wapimaji wanahakiki kazi yangu tu, ni utaratibu. Ripoti inasema waziwazi, ukurasa wa kumi na mbili na tena mwishoni, kwamba handaki lilikuwa jambo la ndani ya nchi moja. Mtu anayeisoma hawezi kulifanya mpaka. Ingekuwa sawa na kuigawa nyumba kwa kufuata pazia la chumbani.

Mwache mwashi ajenge kuta. Likitokea lolote, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kukuambia.

Nambusu Kijiko. Soksi zilimtosha?

Kaka yako


11 Juni

Kaka,

Umenyamaza. Nilidhani unaumwa, nikamwomba dereva wa basi akuulizie ofisini, akasema amekuona mlangoni, mzima, umevaa tai.

Nikusimulie kazi yangu basi, kwa kuwa ya kwako husimulii. Kila Juni nashona sare za shule. Mwaka huu nilishakata kitambaa cha buluu cha darasa la kwanza na la pili, vipande vimejaa hata kitandani kwa Mama. Jana mwalimu mkuu akaja mwenyewe. Si kawaida yake, huwa anatuma mtu. Akaingia, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda cha Kijiko, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama Kijiko, buluu usiendelee kuishona."

"Nimeshakata, mwalimu."

"Najua. Nisamehe. Tunataka kijivu."

"Kijivu si ndiyo ya shule za ng'ambo?"

Akatazama viatu vyake. Mama kutoka kitandani akamwambia, "Mwalimu, jibu. Hata wanafunzi wako ukiwauliza wanajibu." Akasema, "Kuanzia muhula ujao, bibi, sisi ndio ng'ambo."

Alisema uamuzi ulipitishwa mwezi Mei, tarehe za mwanzo. Amesoma waraka. Serikali yetu imechukua daraja na machimbo ya kokoto kule chini, wao wakachukua kipande hiki chetu kutoka mtoni mpaka kwenye handaki. Waraka una ramani, akanionyesha. Nimeona mstari. Umepita vizuri kabisa nyuma ya shule upande wa uwanja, kama nilivyokuchorea.

Mwezi Mei, kaka. Leo ni Juni.

Sikuandikii kukulaumu, mikono yangu imechoka na kazi nyingine. Nataka unijibu jambo moja tu: kliniki ya Kijiko nitaifikaje?

Mdogo wako


3 Julai

Kaka,

Hujajibu. Haya, ya huku ni haya.

Nguzo zimewekwa. Za saruji, nyeupe juu nyekundu chini, zinafuata bonde lote, na kati yake senyenge. Wapimaji walikuwa makini mno. Kwa kuwa bonde linapita kati ya nyumba na choo, choo kimebaki nchini na sisi tumehamia ng'ambo bila kufunga hata mzigo mmoja. Mama alicheka mpaka nikaogopa atapooza na upande wa pili. "Nimeishi mpaka nimehitaji pasipoti ya kwenda haja," anasema. Mwashi ametuchimbia kingine upande huu. Hakuniuliza malipo. Wala hakunitajia jina lako, na kwa hilo nimemshukuru zaidi kuliko choo.

Kuvuka ni getini pa shule tu, kwa kibali, na kibali ni cha siku moja. Dawa ya Kijiko inatosha mwezi huu.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Nilijua tangu Mei. Niliandika barua nikaichana, nikaandika nyingine. Nilikuwa natumaini watarudi nyuma, nikukute hujaumia bado.

Hawakusoma. Ndiyo habari yote. Nilikuwa ndani ya kile chumba, nimeketi nyuma kabisa karibu na birika la chai. Kurasa mia mbili zilikaa mbele ya kila mtu na hakuna aliyefungua ya kumi na mbili. Wakafungua ramani. Mjumbe wa ng'ambo akaweka kidole kwenye wino wangu akasema, "Hapa ndipo ilipoishia nchi ya mababu zetu, hata wenzetu wamekiri." Wa kwetu akatazama daraja, akatazama machimbo, akasema hana pingamizi. Nilisimama. Nikasema waheshimiwa, handaki hili ni la ng'ombe. Wakacheka. Walidhani natania, mdogo wangu, wakacheka vizuri, kisha mwenyekiti akasema twende tukale.

Nilitaka waone nchi moja. Nisingeweza kuwaonyesha bila kuchora kitu, na nilichochora ndicho walichokata nacho.

Hameni. Njooni kwangu wote wanne, vyumba viwili vinatutosha. Nakuletea nakala ya ripoti ilivyochapwa, uone mwenyewe nilichoandika.

Kaka yako


14 Septemba

Kaka,

Ripoti imefika. Sijaifungua. Mtoto anajifunza kusimama kwa kuishikilia, ni nzito, haitelezi.

Kuhama unakusema kirahisi. Ofisi mpya ya huku imetuandikisha kwa mahali mtu alipozaliwa. Mimi nilizaliwa kwenye kitanda cha Mama, Mtoto kadhalika, Mama mwenyewe katika nyumba hiihii, kwa hiyo sisi watatu ni wa ng'ambo, na mpaka tupate vitambulisho vipya haturuhusiwi kulala upande wenu hata usiku mmoja. Vitambulisho vitatoka lini? Karani kaniambia, "Dada, hata changu bado." Kijiko peke yake alizaliwa hospitali ya wilaya. Cheti chake ni cha kwenu. Nyumba moja, kitanda kimoja, na mtoto wangu ni mgeni wangu.

Na Mama hahami. Nilimwambia umetuita. Akasema, "Sihami kwa sababu ya wino." Nikamwambia Mama, si suala la kujivuna hili. Akageuza uso ukutani kwa ule upande unaogeuka.

Sasa nikwambie ya Agosti, maana sikukuandikia. Siku ya kliniki geti lilifungwa, hawakusema kwa nini. Lilifungwa wiki tatu. Dawa ikaisha. Nilikwenda kila asubuhi nikiwa na watoto wote wawili, nikarudi nao. Lilipofunguliwa foleni ilikuwa imefika kwenye vyoo vya shule. Askari alikuwa kijana mpole, wala sikumchukia. Akatazama kibali changu akasema, "Mama, hiki ni cha tarehe iliyopita." Nikamwambia, "Tarehe hiyo mlifunga nyinyi." Akasema, "Najua, mama, lakini siwezi, mpaka mkubwa arudi." Akamwinamia Kijiko kumchangamsha: "Na wewe binti, unatoka nchi gani?" Kijiko akamjibu, "Kwa Bibi." Foleni nzima ikacheka, yeye pia akacheka. Geti hakufungua.

Maumivu yalimwanzia palepale juani. Mikono kwanza, kisha kifua. Wewe hujawahi kumwona yakianza. Halii. Anakuwa mtu mzima, anakunja midomo, ananitazama kama ananihurumia mimi. Mkubwa alirudi kutoka chakula akiwa na kijiti cha meno mdomoni. Alipomwona mtoto alifungua mwenyewe, akatusimamishia gari. Nasema hivyo ili nisimwonee.

Siku tisa tulilala wodini, askari mlangoni kwa sababu mimi sikuruhusiwa kulala huko. Mke wa mwashi alikaa na Mama. Yule nesi alinivuta kando akaniambia, "Mama, safari ijayo ukichelewa hivi..." Akanipa shuka ya pili.

Safari ijayo ipo kila mwezi, kaka.

Mdogo wako


28 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekwenda kwa mkuu wangu, kwa katibu wa Tume, na kwa wizara. Wizara wamenisikiliza kwa heshima, wakaniomba niwape hotuba kuhusu Milki siku ya kuzindua nguzo. Nimekataa. Nimeacha kazi, kama hilo lina maana yoyote kwako. Nitapata kufundisha mahali, shule za hapa mjini hazikosi nafasi.

Hapa nilipo hospitali ya rufaa ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nilipita jana. Wana kliniki ya seli mundu kila wiki.

Sitakuomba. Sina uso wa kukuomba. Nimesema tu ilipo.

Kaka yako


19 Oktoba

Kaka,

Barua hii iko ndani ya begi lake, mfuko wa mbele. Utaisoma tukishaachana getini, kwa sababu pale nitakuwa nasema naye, sitapata nafasi ya kusema na wewe. Usinitazame kwa macho yale ya msibani. Akikuona umelia atajua, na mimi nimemwambia anakwenda kwa mjomba kusoma na kupata dawa. Ni kweli vyote viwili.

Mama anajua. Nilimwambia juzi nikimwogesha. Nilipomaliza kumvalisha akasema, "Mlete nimtazame." Wakatazamana. Akamfunga kamba za viatu kwa mkono mmoja, ikachukua muda, Kijiko akangoja. Hakukutumia salamu. Mimi nakutumia, ila usizichukue kuwa za kwake.

Sasa yake.

Anywe maji mengi, hata akisema ametosheka. Mwekee chupa kitandani. Baridi ndiyo adui wake mkubwa. Asubuhi avae soksi kabla hajakanyaga sakafu. Dawa ni baada ya uji, si kabla, akimeza kabla anatapika halafu anaona aibu, anaficha. Chunguza chini ya mto.

Akikunja midomo, ndiyo yameanza. Usimuulize "unaumwa?" Atasema hapana ili usihangaike. Mshike mikono. Ikiwa ya moto kuliko yako, usingoje asubuhi, usingoje mtu arudi kutoka chakula, mbebe uende. Anapenda kubebwa mgongoni japo atakwambia yeye ni mkubwa.

Ana hofu ya choo cha ndani kinachovuta maji. Simama mlangoni umwimbie chochote.

Jina la mdogo wake analo yeye. Muulize, atakwambia kwa majigambo, maana nilimwambia ni siri yao wawili. Sikutaka ulipate kutoka kwangu. Nilitaka uje.

Akiuliza nakuja lini, usimtajie siku. Wewe una tabia ya kutaja siku. Ulimwambia Mama unakuja mvua zikipungua, zimepungua, zimerudi. Kwa mtoto huyu sitakubali. Mwambie mama anafanya kazi na anamkumbuka akishona. Kijiko akishindwa kulala mwache alie, kaa naye, usimpe maneno. Maneno unayo mengi na nyumba hii imeshayalipia.

Sijakusamehe. Naona nikwambie badala ya kukuachia ukisie. Lakini simpeleki mtoto wangu kwa mtu nisiyemwamini. Uliponibeba mgongoni kutoka shuleni siku ile nilipokatwa na bati, ulikuwa mdogo kuliko uzito wangu na hukunitua njiani. Huyo ndiye ninayempa Kijiko.

Nguo. Nimemshonea za kuanzia nazo, ziko juu kabisa. Zile zilizo chini yake zitamwia kubwa, usidhani nimekosea vipimo. Pindo nimelikunja mara mbili, ukiona magoti yametoka fumua uzi wa kwanza, hata wewe unaweza, tumia wembe polepole. Ile ya njano ni ya akitimiza sita. Ya maua ni ya saba. Ile yenye kola nyeupe ni ya minane, nimeikisia kwa mtoto wa mwashi aliye na umri huo, mabega huenda yakahitaji kupunguzwa.

Kitambaa kilibaki, nikakitandika mezani nikakata ya miaka tisa. Nikaipima kwenye mkono wangu, mkono wa gauni ukafika kwenye kiganja changu. Nimeikunja bila kuishona.

Mdogo wako